Gari la Kasi la Leo, Tunu ya Kesho? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wenye magari ya kasi yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi sasa. Wanauliza kama wakusanyaji watakuja kuyatafuta, na yatunzwe vipi mpaka siku hiyo ifike. Tumejibu kirefu pale ambapo uzembe mdogo huharibu gari zima.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Toyota GR Yaris mpya kabisa. Nia yangu ni kulifungia gereji kwa miaka 20, kisha niliuze kwa mkusanyaji. Wenzangu wanasema ni akiba bora kuliko benki. Mnanishauri nini?

JIBU: Ndugu msomaji, gari umechagua vizuri, mpango ndio unaotutia shaka. GR Yaris ilitoka mwaka 2020 kwa ajili ya rali. Ina bodi yake ya milango mitatu, injini ya silinda tatu ya lita 1.6 yenye turbo, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Magari yaliyozaliwa na kanuni za mashindano huwa na wapenzi wasiochoka. Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998, ambayo soko la Japani lilipata 400 tu, ni mfano ulio wazi.

Lakini kulifungia gari peke yake hakulifanyi kuwa tunu. Mwaka 1976 Cadillac iliitangaza Eldorado yake ya paa la kukunja kuwa ndiyo ya mwisho ya aina hiyo kutengenezwa Marekani. Watu wakazinunua na kuzifungia. Miaka ya 1980 ilipoanza magari ya paa la kukunja yakarudi sokoni, na kufikia mwaka 1984 Cadillac yenyewe ilikuwa ikiuza tena Eldorado ya namna hiyo. Mwaka 1978 Chevrolet ikatoa Corvette ya kumbukumbu ya mashindano ya Indianapolis 500, magari 6,502, na nyingi mno zikafunikwa turubai zikiwa na maili chache. Kwa kuwa kila mwenye nayo aliitunza, hata leo iliyo safi haina uadimu wa kuipandisha bei.

Tazama upande wa pili. Nissan Skyline GT-R, Toyota Supra ya A80, Honda Integra Type R na BMW M3 ya E46 (herufi na namba kama A80, E46, R32 au 997 ni majina ya kiwandani ya vizazi vya gari) zilinunuliwa ziendeshwe. Nyingi ziligongwa, nyingine zikaibwa, nyingine zikakatwa springi na kufungwa turbo kubwa. Vijana waliozitamani wakiwa shuleni wakaja kupata kipato, wakazitafuta, wakakuta zilizobaki na sura ya kiwandani zinahesabika. Sheria nayo ikasukuma: Marekani huruhusu gari lisilotimiza viwango vyake kuingia likifikisha miaka 25, hivyo GT-R ya R32 ya mwaka 1989 ilianza kupita mwaka 2014, na R34 ya mwaka 1999 ikafunguliwa njia mwaka 2024. Bei hupaa pale waliolitamani gari wanapokuwa wengi na waliolitunza wachache. GR Yaris inatunzwa na wengi, na haikutoka kwa idadi ndogo ya kuhesabu. Tunatarajia iheshimiwe na ishike bei vizuri, basi.

Sasa hesabu. Chukulia gari lina thamani ya 100. Bima, mahali pa kuliweka, sevisi ya kila mwaka na tairi zinazokufa kwa umri zikila 3 kwa mwaka, miaka 20 inakula 60. Lazima uuze kwa 160, kwa thamani ya fedha ya leo, ili usipate hasara. Bei za vitu zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, hiyo 160 ni takriban 289 kwa fedha za siku ile, na hapo kamisheni ya mnada bado haijakatwa. Magari yanayovuka kizingiti hicho yapo, lakini ni machache kuliko yanayofungiwa. Tungekushauri uliendeshe kilomita 1,500 hadi 3,000 kwa mwaka, ulitunze kama tutakavyoeleza chini, na uhesabu raha ya kuliendesha kuwa sehemu ya faida. Ukilinunua kwa ajili ya faida ya fedha tu, umechagua biashara ngumu.

SWALI: Mhariri, nachagua kati ya Audi R8 ya kizazi cha kwanza yenye gia za mkono na ile yenye gia za kubadilishwa na kompyuta. Ya mkono ni ghali zaidi. Je, tofauti hiyo itadumu?

JIBU: Itadumu, na sisi tungeilipa. Ferrari F430 ndiyo ya mwisho ya V8 ya injini ya katikati kuuzwa na pedali ya klachi, na Lamborghini Gallardo, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2013, haikupata mrithi mwenye gia za mkono. R8 yako iko kwenye ukoo huohuo: mkono wa gia unapita kwenye njia za chuma zilizo wazi, kitu ambacho kizazi cha pili hakikuwa nacho. Porsche waliiondoa gia ya mkono kwenye 911 GT3 mwaka 2013. Wakatoa 911 R mwaka 2016, magari 991, yote ya mkono. Yaligombewa kiasi kwamba mwaka 2017 gia ya mkono ilirudi kwenye GT3 kwa anayeitaka.

Sababu ya pili ni ya kifundi, na kwetu ina uzito zaidi. Gia za kompyuta za klachi moja, kama R tronic ya Audi, F1 ya Ferrari na SMG ya BMW, hutumia pampu ya umeme, tangi dogo la kuhifadhi shinikizo, na vali zinazosukuma klachi na gia kwa mafuta ya haidroliki. Tangi hilo likichoka, pampu hulazimika kuwaka mara kwa mara mpaka inaungua. Ukiwa umesimama na swichi imewashwa, ukiisikia pampu ikinguruma kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa gia, badilisha tangi la shinikizo sasa. Ukisubiri, utabadilisha na pampu.

Kanuni hii ina mpaka wake. Pale ambapo kiwanda hakikutoa chaguo, gia haishushi hadhi ya gari. BMW M3 CSL, magari 1,383, yote yana SMG. Lexus LFA, magari 500 yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2010 na 2012, yote yana gia za kompyuta za klachi moja. Hakuna anayezikataa. Kuzibadilisha ziwe za mkono ni kuziharibu.

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu hukaa bila kuendeshwa miezi sita hadi minane kila mwaka. Kila baada ya wiki mbili naliwasha, linanguruma dakika kumi, nalizima. Fundi mmoja amenikemea. Nani yuko sahihi?

JIBU: Fundi wako. Injini ikiunguza petroli hutoa mvuke wa maji. Kwa dakika kumi za kunguruma, maji ya rejeta yanaweza kupata moto lakini oili bado ni ya uvuguvugu, hivyo mvuke hubaki ndani ya injini na kuchanganyika na oili, na mwingine hutulia ndani ya ekzosi na kuila. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili. Betri nayo hutumia kuwasha zaidi ya inavyorudishiwa. Kama huwezi kuliendesha dakika 30 hadi 40 barabarani mpaka oili ifike nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, usiliwashe kabisa.

Hivi ndivyo gari linavyolazwa. Badilisha oili na chujio kabla ya kulilaza, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu vinavyokula beringi taratibu gari likiwa limetulia. Baada ya kumimina mpya, endesha kidogo ili ienee. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari lisipotembea. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Badilisha kila baada ya miaka miwili, bila kutazama kilomita. Kipoza injini kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na kisichanganywe cha aina moja na nyingine kwa kufuata rangi, maana rangi haielezi kilichomo.

Jaza tangi la petroli karibu kamili ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Petroli yenye ethanoli ndiyo tatizo: ethanoli hunyonya maji, na maji yakizidi hujitenga na kukaa chini ya tangi, mahali pampu inaponyonya. Tafuta isiyo na ethanoli ukiweza. Ongeza dawa ya kutunza petroli kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha endesha gari angalau dakika kumi na tano ili ifike mpaka kwenye nozeli.

Osha gari, pamoja na chini na ndani ya matao ya magurudumu, kisha liendeshe tena mpaka breki zikauke. Tumeona diski za chuma zikishikana na pedi kwa kutu kwa sababu tu gari liliingizwa gereji likiwa limetoka kuoshwa. Kwa sababu hiyohiyo usivute breki ya mkono: weka gia, zuia magurudumu kwa vigingi. Ikiwa breki ya kuegesha ni ya umeme na inajifunga yenyewe, kitabu cha gari kina utaratibu wa kuizuia.

Tairi zijazwe zaidi ya kawaida, bar 3 hadi 3.5, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, zisipate ubapa. Usiliinue gari kwa jeki magurudumu yakaning'inia miezi mingi; bushi hukaa zimejikunja. Tairi laini za kiwanja cha mashindano zina hatari yao: zikishuka chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri, mpira hupasuka ukizisogeza. Zikae mahali penye nyuzi 5 au zaidi kwa saa 24 kwanza.

Betri iwekewe chaja ya kulinda, inayoshikilia volti 13.2 hadi 13.8 na kujizuia yenyewe. Betri ya risasi iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hadi 12.8, ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki kadhaa, salfa hujiganda kwenye sahani na uwezo wake haurudi. Kama gari lako lina betri ndogo ya lithiamu, kama baadhi ya Porsche za GT, tumia chaja ya lithiamu tu. Mizunguko ya kuondoa salfa kwenye chaja za kawaida hupandisha volti kupita kiasi na kuiua. Wenye Porsche 911 ya 997 wakumbuke kwamba boneti ya mbele hufunguka kwa umeme na betri iko chini yake. Ikifa ukiwa umefunga, kuna kijiti cha kuvuta ndani ya boksi la fyuzi cha kupitishia umeme wa nje. Kijue kilipo kabla hujakihitaji.

Kubwa kuliko yote hayo ni hewa ya chumba. Tunza unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55. Ukivuka 60 na kuelekea 65, kutu na ukungu huanza. Ukikaa chini ya 40, ngozi ya viti na mipira ya milango hukauka na kupasuka. Kipimo cha unyevu na mashine ya kukausha hewa ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na gharama ya kushona viti upya. Kava liwe la kitambaa kinachopumua. La plastiki hufunga unyevu ndani na kuacha madoa kwenye rangi. Ziba midomo ya ekzosi kwa wavu wa chuma kuzuia panya, na ufunge karatasi kwenye usukani inayokukumbusha kuutoa.

Siku ya kulitoa, injini isizungushwe juu ya mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika mpaka oili ifike nyuzi 80. M3 ya E46 ina taa kwenye geji zinazozimika moja moja injini inavyopata moto. Zimewekwa kwa sababu oili yake ya 10W-60 ni nzito ikiwa baridi.

SWALI: Nina gari lenye kilomita 900 tangu liwe jipya, sasa lina miaka tisa. Niendelee kuliacha hivyohivyo?

JIBU: Umefika mahali pagumu, Ndugu msomaji, maana kila kilomita utakayoongeza inapunguza kile kinacholitofautisha gari lako. Wanunuzi wa gari la namna hii ni wachache na hulipa kwa ajili ya namba ya odometa. Ukiamua kulibakiza hivyo, basi libakize kwa ushahidi: tairi za kiwandani zivuliwe na kuhifadhiwa gizani, gari liwekewe nyingine za kusogezea, mafuta yote yabadilishwe kwa tarehe, na kila sevisi iandikwe. Sili za injini na gia boksi zisizopata oili kwa miaka hukauka na kuvuja, kwa hiyo mwambie mnunuzi mapema kwamba haliwezi kwenda barabarani bila ukaguzi mkubwa.

Binafsi tunapenda zaidi gari la kilomita 20,000 lenye historia ya kila mwaka. Linaweza kuendeshwa kesho asubuhi, na wanaolitaka ni wengi zaidi.

SWALI: Mhariri, mafundi wa zamani wanasema magari ya sasa hayatafika miaka 40 kwa sababu ya kompyuta zake. Ni kweli?

JIBU: Ni hofu yenye msingi, na ndiyo itakayotenganisha magari yatakayothaminiwa na yatakayobaki mapambo. FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kihistoria, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30. Gari la mwaka 2015 litafika hapo mwaka 2045. Je, kontroboksi zake, yaani kompyuta zinazoongoza injini na mifumo mingine, zitakuwa hai?

Dalili tunazo tayari. Kwenye magari ya Japani ya miaka ya 1990, kapasita ndani ya kontroboksi huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Anayewahi kuzibadilisha huokoa kifaa, anayechelewa hukipoteza. Mwezi Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura zilirudi mwaka 2002 kwa sababu ya hesabu ya tarehe ya GPS, na zikakaa hivyo miezi kadhaa. Mwaka huohuo mtandao wa 3G ulizimwa Marekani, na huduma za mawasiliano zilizofungwa ndani ya magari ya zamani kidogo zikanyamaza. Injini hazikuguswa, ila mnunuzi wa kesho atakuta kitufe kisichofanya kazi na hakuna fundi wa kukifufua. Plastiki laini ya ndani ya Ferrari na Maserati za miaka ya 1990 na 2000 huyeyuka na kunata vidole. Hiyo angalau hutengenezeka, kwa kuondoa utando na kupaka upya.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye magari mseto, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Porsche 918 Spyder ina betri ya kilowati-saa 6.8, McLaren P1 4.7, LaFerrari 2.3. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kalenda hata ikiwa imelala, na huzeeka haraka zaidi ikiachwa imejaa kwenye joto au ikiachwa iishe kabisa. Fuata kitabu cha kiwanda kwanza, maana baadhi yanatakiwa kuunganishwa kwenye chaja muda wote. Pale ambapo kitabu hakikatazi, nusu ya ujazo na chumba cha nyuzi 10 hadi 25 ndiyo hali nzuri kwa seli.

Ununue nini mapema? Funguo mbili kamili, kwa sababu kuandikisha mpya kunategemea kompyuta ya kiwanda. Taa za mbele, ambazo leo ni kifaa kimoja kisichofunguka. Shokapu za kielektroniki. Vioo na mipira ya milango. Kontroboksi ya akiba isiyoandikishwa haina maana kubwa, kwani nyingi hufungwa kwa namba ya chasisi. La busara ni kumwomba fundi mwenye vifaa asome data iliyomo kwenye kontroboksi zako leo, zikiwa nzima, na ahifadhi nakala mahali pawili.

Viwanda navyo vimeanza kusaidia. Nissan kupitia NISMO, tawi lake la magari ya michezo, ilianza mwaka 2017 kutoa upya spea za GT-R ya R32, na Toyota ikafuata mwaka 2020 kwa Supra za A70 na A80. Gari lenye mpango wa namna hiyo lina nafasi kubwa zaidi ya kuishi, na hilo ni jambo la kulipia.

SWALI: Nimepata tangazo la gari lililoandikwa "limetunzwa mno". Nitajuaje kabla ya kulipa?

JIBU: Anza na kalenda za vifaa. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi hueleza wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kilomita 8,000 lenye tairi za pili linahitaji maelezo. Vioo vyote viwe vya mwaka wa gari au kabla yake kidogo. Pima unene wa rangi kila paneli. Ya kiwandani kwa kawaida iko kati ya maikroni 100 na 180, na inayozidi 250 imepakwa upya. Kipimo cha sumaku pekee hakisomi alumini, na paneli za kaboni zinahitaji kile cha mawimbi ya sauti.

Kisha ugonjwa wa aina husika. M3 ya E46 hupasuka sakafu ya nyuma inaposhikwa na fremu ya difu. Ipandishe, toa uchafu, tazama kwa tochi kuzunguka sehemu nne za kushikia. Injini za S54, S65 na S85, yaani M3 za E46 na E90 na M5 ya E60, hula beringi za konrodi. Omba ripoti ya maabara ya oili inayoonyesha risasi na shaba, au risiti ya beringi mpya pamoja na bolti mpya. 911 GT3 na Turbo za 996 na 997 zenye injini ya Mezger (iliyopewa jina la mhandisi wake) zina viungio vya mabomba ya maji vilivyogundishwa. Vikiachia kwenye kasi, maji humwagika chini ya tairi za nyuma. Viwe vimechomelewa au kupigwa pini. Kwenye 997 pia, kompyuta huhifadhi matukio ya injini kuzungushwa kupita kiasi kwa ngazi sita. Ngazi 1 hadi 3 hazitishi. 4 hadi 6 zenye namba zimetokana na gia iliyoingizwa kimakosa, na uangalie ni saa ngapi za injini zimepita tangu hapo. Diski za kaboni-seramiki hazipimwi kwa unene peke yake: kwa aina nyingi uzito wa chini umeandikwa kwenye kitovu, nazo hupelekwa mizanini.

Mwisho, peleka namba ya chasisi kwa wakala uone kama mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata imebadilishwa. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi ikitupa vipande vya chuma. Gari lililolala ndilo linalosahaulika kwenye zoezi hilo, na hapa hatuzungumzii bei bali uhai wa dereva.

SWALI: Filamu ya kulinda rangi, ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya bodi, iwekwe au isiwekwe?

JIBU: Iwekwe kwenye gari linaloendeshwa, hasa bampa, boneti na nyuma ya magurudumu. Itolewe kabla haijafikisha miaka 10. Ya zamani hugeuka njano na gundi yake hung'ang'ania. Hupashwa joto kwa mvuke hadi takriban nyuzi 60 na kuvutwa polepole, ikilazwa karibu na paneli. Paneli iliyopakwa rangi upya inaweza kubanduka pamoja nayo, kwa hiyo uliza kwanza. Polishi iwe ya nadra: tabaka la juu kabisa, lile linaloonekana kama kioo juu ya rangi, lina maikroni 40 hadi 50 tu, na kila usuguaji hula chache ambazo hazirudi.

SWALI: Honda S2000 yangu nimeibadilisha ekzosi, springi na usukani. Nimeharibu?

JIBU: Hujaharibu kama vya kiwandani unavyo. Vitafute leo, iwapo ulivitupa, kabla wenzako hawajaanza kuvitafuta. Kila kifaa kiandikwe jina, tarehe ya kuvuliwa na kilomita za siku hiyo. Springi zipakwe oili nyepesi na kufungwa karatasi, ekzosi ikaushwe na kuzibwa midomo, usukani na mfuko wake wa hewa vikae mahali pakavu, mfuko ukiangalia juu. Bolti ziwekwe kwenye mifuko yake, kila kifaa na zake. Ulichokata, kuchomelea au kutoboa kwenye bodi ndicho kisichorudishika. Kama hujafika huko, simama hapo ulipo.